Sauti ya Kamina haiuzwi kwa jenereta moja

Ndugu vijana wa Kamina, wa Bukama, wa Kabongo, wa Kaniama na wa Malemba-Nkulu,

Tangu wiki mbili munatuuliza swali moja, kwa simu, njiani, hata kwenye kilio: "Ni kweli mulikataa makuta ya mheshimiwa?" Ni kweli, tulikataa. Dola 1,500, kompyuta moja mpya na jenereta. Wengine wanatucheka, wanasema sisi ni watoto tusiojua njaa. Wengine wanatupongeza sawa vile tumeshinda vita. Pande zote mbili zimekosea. Njaa tunaijua, na vita hatujashinda. Tunaandika ili mujue kazi yetu ni nini, makuta yale yalikuwa ya kununua nini, na kwa nini kijana yeyote anayeanzisha kampuni ndogo ya sauti hapa kwetu atakutana na mtu sawa yule, leo ao kesho.

Tulianza namna gani

Tulianza tukiwa watano, na kompyuta mbili za zamani na paneli moja ya jua. Wazo la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu analo: kutengeneza programu ya simu ya kusikilizia podikasti kwa Kiswahili chetu na kwa Kiluba. Kwa wale wasiojua, podikasti ni kipindi sawa cha redio, ila hukikosi ukichelewa: unakishusha, kinakaa kwenye simu, unakisikiliza saa unayotaka. Neno lenyewe si la zamani. Mwandishi Ben Hammersley alilitumia katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi wa Februari 2004.

Chini ya podikasti kuna kitu rahisi sana: faili moja ya maandishi inayoitwa RSS. Faili hiyo inaorodhesha vipindi na kusema kila sauti iko fasi gani. Programu inakwenda kuisoma. Ikiona kipindi kipya, inakishusha. Hakuna mlinzi mlangoni. Ukiwa na faili yako na fasi ya kuiweka, mtu wa Kinshasa, wa Dar es Salaam ao wa Brussels anaweza kukusikiliza bila wewe kupiga magoti mbele ya kampuni yoyote. Hicho ndicho kilichotuvuta. Kwenye mitandao mikubwa unapanga chumba; siku mwenye nyumba akikasirika, unakuta vyombo vyako nje. RSS ni kiwanja chako mwenyewe.

Miezi minne tulitengeneza programu ile. Ilikuwa na rangi nzuri, ilikuwa na kila kitu. Siku tulipoitoa, watu 23 waliiweka kwenye simu zao. Tulipohesabu vizuri, 9 kati yao walikuwa ndugu zetu. Kisha mama mmoja anayeuza samaki wa Kinkondja sokoni alituita akatuambia ukweli:

"Bana yangu, hii kitu iko muzuri, lakini inakula mega. Nikisikiliza mara mbili, mega ya juma imeisha. Mi nichague nini sasa, kusikiliza ninyi ao kuongea na dada yenu ku Likasi?"

Jioni ile tulikaa chini tukafanya hesabu ambayo tungeifanya siku ya kwanza. Kipindi cha dakika 30 katika MP3 ya kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, kina uzito wa karibu mega 29. Tukijaribu Opus, namna ya kubana sauti iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2012 na ambayo WhatsApp inatumia kwa ujumbe wa sauti, tukishuka hadi kilobiti 24, dakika 30 zile zile zinakuwa mega 5 na kidogo. Muziki unaumia, lakini maneno ya mtu yanasikika vizuri. Kwa kipindi cha mazungumzo, hiyo inatosha.

Tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu tukaelewa kwamba hata mega 5 ni nyingi kwa mtu ambaye simu yake haiingii kabisa kwenye intaneti. Na hao ndio wengi.

Jibu lilikuwa stesheni

Kamina ni mji wa treni. Tangu 1928 reli inatoka Bukama, inapita hapa, inakwenda hadi Ilebo. Reli nyingine inatoka hapa kwenda Kabalo, na kutoka kule Kindu na Kalemie. Munajua wenyewe namna watu wanavyongoja treni kwetu. Na pale wanapongoja, kando ya mabungo ya mizigo, kuna vijana wenye vibanda na kompyuta, wanaojaza nyimbo na filamu kwenye kadi za memwari. Mtu analeta kadi, analipa, anaondoka na muziki wa juma lote.

Tulikuwa tunapita mbele yao kila siku tukitafuta "watumiaji." Hatukuona kwamba wale vijana wa vibanda ndio mtandao wa kweli wa mji huu. Hauombi mega, haufi umeme ukikatika usiku, na unafika vijiji ambavyo hakuna mnara wa simu.

Tukaitupa programu ya kwanza. Ya pili hatukuitengeneza kwa msikilizaji, tuliitengeneza kwa kijana wa kibanda. Inakaa kwenye kompyuta yake. Usiku, saa ambapo intaneti ni nafuu, inasoma faili za RSS, inashusha vipindi vipya mara moja tu, inavipunguza uzito, inaviweka kwenye folda. Mteja akileta kadi, kijana anabonyeza mara moja: vipya vinaingia, vya zamani vinatoka ili kadi isijae, na programu inahesabu nakala ngapi zimetoka. Kibanda kisicho na intaneti tunakipelekea flashi kwa kinga.

Hata hapo tulikosea. Vipindi vyetu vya Opus vilicheza kwenye simu nzuri, lakini redio ndogo za kichina zenye tundu la kadi, zile ambazo baba zetu wanabeba shambani, zilinyamaza. Zenyewe hazijui Opus. Juma moja zima watu walirudisha kadi wakisema tumewaibia. Sasa tunatoa aina mbili: Opus kwa anayeshusha kwa simu, na MP3 nyepesi ya sikio moja, kilobiti 48, kwa kadi. Ya kadi ni karibu mega 11 kwa nusu saa, na kwenye kadi uzito huo si kitu. Kingine ni majina ya faili. Tulikuwa tunaandika majina ya herufi na tarehe ambayo mtu hawezi kusoma. Kijana mmoja wa kibanda alitufundisha: "Andikeni 01 Mama wa soko, 02 Habari ya treni. Batu habatafute podikasti, banatafuta habari ya kwabo." Somo lile hatukulipata kwenye kitabu.

Leo vibanda 11 vinatumia programu yetu. Kila kimoja kinalipa franka 1,000 kwa juma. Hiyo ni franka 11,000 tu. Tunasema wazi juu ya hesabu hii kwa sababu tumechoka na hadithi za vijana wanaoanzisha kampuni leo na kesho wanapigwa picha na koti. Makuta haya hayamlishi mtu hata mmoja wetu. Mmoja anafundisha shule, mwingine anatengeneza simu, mwingine anasukuma mizigo. Startapu ni kazi ya usiku.

Mheshimiwa na jenereta

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote ni kile cha mama wa soko. Mama watano wanaongea juu ya bei, watoto, waume, na mara moja waliongea juu ya taksi ya soko: wanalipa kila asubuhi, na wengi hawapewi risiti. Hawakutaja jina la mtu. Walisema tu wanalipa ngapi, na kwamba choo cha soko bado kimeharibika. Kipindi kile kilitoka kwenye vibanda nakala 340 kwa siku tisa. Kwetu hiyo ni namba kubwa sana.

Juma lililofuata mheshimiwa mmoja alitutumia kijana wake, mtu wa heshima, tena tulisoma naye. Alituletea ahadi ile: dola 1,500, kompyuta, jenereta. Masharti yalikuwa mawili, na aliyasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi. Kwanza, kila kadi ianze na hotuba ya mheshimiwa, faili namba 01. Pili, kipindi kile cha taksi kitoke. "Hakuna mtu anayewakataza kuongea," alisema. "Muongee tu habari za kujenga."

Tulijadili usiku mzima, na hatukukubaliana. Wawili walitaka tupokee. Mmoja wao ana mtoto mgonjwa na kodi ya miezi mitatu. Alisema kitu ambacho hatujaweza kukijibu vizuri mpaka leo: "Kanuni haijazi sufuria." Tulipopiga kura, watatu walikataa, wawili walikubali. Yeye alitoka, sasa tuko wanne. Hatumhukumu, na tunaomba hapa munaotusoma musimtukane. Aliandika nusu ya programu hii, na jina lake litabaki ndani yake.

Lakini tunashikilia kwamba kura ile ilikuwa sahihi, na sababu yake si kiburi. Fikirini pamoja nasi. Kitu gani tunauza? Si programu; kijana yeyote wa Lubumbashi anaweza kuandika bora kuliko yetu. Tunauza imani kwamba kilichomo kwenye kadi ni kile mama alichosema, chote, hadi mwisho. Siku kipindi kimoja kikitoka kwa amri, mama wa soko atajua jioni ile ile, na hataongea tena mbele ya simu yetu. Tutabaki na jenereta inayowasha kompyuta isiyo na kitu ndani. Wakubwa walisema: mla cha mwenziwe, na chake huliwa. Kwetu kingeliwa kile kimoja tulicho nacho.

Na si siasa peke yake inayoua kampuni changa ya sauti. Mwaka 2005 kule San Francisco kulikuwa na kampuni ndogo ya podikasti jina lake Odeo. Ilikuwa na makuta, ilikuwa na wataalamu wenye majina, kati yao Evan Williams na Noah Glass. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, Apple iliingiza podikasti ndani ya iTunes, bure, kwa watu wote. Odeo ikabaki bila njia, na mwaka 2006 watu wake wakageukia kitu kingine, ndicho kilichokuja kuitwa Twitter. Sisi hatuna hata kivuli cha makuta yale. Kama mkubwa mmoja anaweza kufunga njia ya kampuni ya San Francisco kwa siku moja, basi kampuni ya Kamina inayosimama juu ya mkono wa mtu mmoja haijasimama. Vibanda 11 vinavyolipa kidogo kidogo vina nguvu kuliko mheshimiwa mmoja anayelipa yote, kwa sababu kibanda kimoja kikikasirika, kumi vinabaki.

Ndiyo maana tumejiandikia kanuni, na tunaiweka hapa ili mutuulize: hatutapokea kutoka kwa mtu mmoja zaidi ya sehemu moja ya kumi ya makuta ya mwezi. Mheshimiwa akitaka kulipia tangazo, alipie sawa na muuza sabuni, kwa bei ile ile, na litasemwa kuwa ni tangazo. Kipindi kikiwa na kosa, tutarekodi masahihisho na kuyaweka mbele. Kipindi hakitoki kwa sababu kimeuma.

Sauti imekwisha kutoka hapa

Kuna watakaosema: Kamina na sauti, wapi na wapi? Hao hawajui mji wao. Mwaka 1958 watoto wa Kamina, kwaya ya padri Mbelgiji Guido Haazen, Les Troubadours du Roi Baudouin, walisafiri Ulaya mwaka wa maonyesho makubwa ya Brussels. Waliimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwetu, na ikawekwa kwenye diski. Pasolini aliitumia katika filamu yake ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo. Lindsay Anderson wa Uingereza akaitumia katika filamu yake ya 1968. Sauti ya watoto wa hapa ilizunguka dunia kabla wengi wa baba zetu hawajazaliwa. Na mwana wa Kamina anayetaka kuisikiliza leo anaitafuta kwenye programu za kampuni za ng'ambo, kwa mega zake.

Hatusemi hivi kwa uchungu. Tunasema kwamba tofauti kati ya mwaka ule na leo ni moja: mashine ya kurekodi iko mfukoni mwetu, na njia ya kusambaza tunaweza kuitengeneza wenyewe. Nkambo anayejua kasala ya ukoo wake bado yuko. Akiondoka bila kurekodiwa, hakuna seva yoyote itakayomrudisha.

Tunachodai

Kwa viongozi wa taifa na wa jimbo tunasema haya.

Kwanza, sheria-amri nambari 22/030 ya tarehe 8 Septemba 2022 juu ya ujasiriamali na startapu ni ya Kongo nzima. Sisi tulipouliza katika ofisi moja hapa, tuliambiwa turudi, kisha turudi tena. Haut-Lomami ni jimbo tangu 2015. Tunadai dirisha moja hapa Kamina ambapo kijana anaelezwa sheria hiyo kwa Kiswahili na kwa Kiluba, na anaandikisha kazi yake bila kupanda treni.

Pili, simu isifanywe tena ng'ombe wa kukamua. Munakumbuka RAM: kuanzia 2020 walikata uniti zetu, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G. Watu walikataa, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kodi ya simu ni kodi ya mdomo.

Tatu, intaneti isikatwe. Ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, nchi ikakaa karibu siku ishirini bila intaneti. Wakikata tena, kadi zitaendelea kutembea. Lakini nchi isiyoogopa watu wake haina haja ya kukata.

Nne, vijana wa vibanda wasitozwe makuta bila risiti. Kile mama wa soko walichosema kinawahusu na wao.

Na kwenu, bandugu: musitupongeze, tusaidieni. Mwenye simu, arekodi nkambo wake, dakika kumi tu, fasi isiyo na upepo, simu karibu na mdomo. Mwenye kibanda Bukama ao Kabongo, atuite, programu ni bure mwezi wa kwanza. Anayejua kuandika programu, aje atukosoe. Watoto wa Kamina walioko Kolwezi, Lubumbashi na Kinshasa, tunawaomba kidogo kidogo, kwa watu wengi, kamwe si kikubwa kwa mmoja.

Tumejipa miezi sita. Tukifika vibanda 40, wawili wetu wataweza kuacha kazi za mchana. Tusipofika, tutafunga, na tutawaambia hapa hapa, bila kuficha, na programu tutaiacha wazi kwa atakayekuja nyuma yetu. Lakini hata siku ya kufunga, kipindi cha mama wa soko kitakuwa bado kwenye kadi.